Mtani wa Malale

Imakulata alikuwa Mfipa na Malale alikuwa Msukuma, na kwa hilo tu walikuwa na ruhusa ya kutukanana mpaka kufa. Ndivyo utani ulivyo. Mtani hakuombi radhi akikuita mchawi, wala hakasiriki ukimwita mshamba. Na siku ukifa, yeye ndiye anayetangulia kuingia kaburini mwako, akalala chali na kukataa kutoka mpaka wafiwa wacheke. Siku hizi vijana wanadhani utani ni maneno ya mashabiki wa mpira. Huku Mpimbwe, ng'ambo ya Majimoto, mashamba ya mpunga yanapokwisha na Ziwa Rukwa linapoanza, utani bado ni kazi, tena kazi isiyo na likizo.

Hawa wawili walikutanishwa na ndege. Wakulima wa pale walikuwa wakilalamika kwamba ng'ombe wanakanyaga mpunga na mayai ya ndege ufukweni. Wafugaji nao walisema wakulima wamelima mpaka njia ya kwenda kunywesha. Ukaja mradi wa wahifadhi, ukasema chagueni watu wa pande zote mbili, kila mwaka masika yakielekea kwisha wawe wanahesabu ndege wa ufukweni na kurekodi sauti zao, kabla wale wageni wa Ulaya hawajarudi kwao. Wazee waliguna. Lakini ni vigumu kuendeleza ugomvi na mtu mliyelala naye kifudifudi kwenye tope moja, mkinong'ona ili msimshtue kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni.

Imakulata, mjane mwenye shamba la mpunga na maneno mengi, alipewa rekoda na maiki ndefu yenye kofia ya manyoya. Malale, aliyekuja na ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani akiwa kijana na sasa kichwa kilikuwa cheupe, alipewa darubini. Tangu siku ya kwanza walishikana. Imakulata alitangaza kwamba hesabu za Msukuma zisiaminike, kwa sababu yangeyange akipanda mgongoni mwa ng'ombe, Malale anamhesabu ng'ombe. Malale akajibu kwamba afadhali yeye anahesabu mchana, kuliko Wafipa wanaohesabu majirani usiku wakiwa juu ya ungo. Wenzao walicheka mpaka bata wakaruka, na hesabu ya siku hiyo ikaharibika.

Basi yakawa mazoea. Kwa kuwa walipangwa kwenye ncha mbili za ufukwe, na katikati yao kulikuwa na matete marefu, Malale alianza kumuua mtani wake kwa simu. Yaani, alijiua yeye mwenyewe ili amsumbue. Mwaka wa kwanza alipiga akisema kwa sauti ya kukatika kwamba mamba amemshika mguu. Imakulata aliitupa rekoda, akakimbia kwenye tope akiita watu, akapoteza kiatu kimoja ambacho hakikuonekana tena, akamkuta bwana mkubwa ameketi juu ya gogo anatafuna muhindi wa kuchoma. "Umechelewa, mtani," alimwambia. "Mamba ameonja, akasema hii nyama ya Msukuma ngumu." Habari ile ilizunguka Majimoto msimu mzima. Wanawake walikuwa wakimwona Imakulata sokoni wanamuuliza kama ameshapata kiatu cha pili.

Aliapa mbele za watu kwamba Malale hatamkimbiza tena. Na hakumkimbiza. Kila mwaka Malale alikufa upya, mara kwa kiboko, mara kwa radi ambayo bila shaka ilitumwa na Wafipa, mara kwa njaa kwa sababu Mfipa amekula ugali wote. Kila mara Imakulata alikuwa na jibu la kumzika nalo. Dorotea, mke wa Malale, alikuwa akisema kwamba mumewe huamka siku ya ndege akiwa na furaha kuliko siku ya harusi yao, na usiku wa kuamkia siku hiyo hulala akitunga kifo cha kesho.

Wahenga walishatuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ila nani anaujua mzaha utakaotumbuka, kati ya mizaha yote iliyokwisha kwa kicheko?

Asubuhi hiyo ya Aprili mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Optatus, mwenyekiti wa kikundi, aliwapeleka kwa pikipiki mmoja baada ya mwingine, akawaacha penye mti wa mwisho kabla ya matete. Nyasi zilikuwa zimejaa maji. Ziwa lilikuwa kimya, lenye rangi ya chai ya maziwa, na kwenye kina kifupi ndege mwari walikuwa wakivua kwa pamoja, wakiinamisha vichwa na kuviinua. Vitwitwi walikuwa wengi mno. Walikuwa wamenenepa, na makundi yao yaliruka na kutua bila sababu, maana siku za safari zilikuwa zimefika na hawakuweza kutulia.

"Mwaka huu usinisumbue," Imakulata alimwambia Malale wakiachana. "Nina kazi. Korongo taji wana kinda kule kwenye nyasi fupi. Nimewaona juzi. Nataka ile sauti wanayomwitia."

"Korongo ataongea na wewe mchawi?"

"Ataongea. Wewe kama lazima ufe, kufa kimyakimya."

Malale alicheka, akatupa shuka lake begani na kushika njia ya upande wa mto. Alikuwa na tabia ya kutembea huku akiongea na nyasi, kama vile mbele yake kuna ng'ombe. Imakulata alimtazama mpaka alipopotea kwenye matete, kisha akainama na kwenda kwenye maficho yake.

Hiyo sauti aliyoitafuta ilihitaji moyo wa subira. Korongo taji anajulikana kwa mlio wake mkubwa unaosikika vijiji viwili, lakini akiwa na kinda hutoa sauti nyingine ya chinichini, mkoromo laini kutoka kooni, ambao ukiwa umbali wa hatua chache tu huusikii. Hakuna mtu katika kikundi aliyewahi kuurekodi. Misimu miwili Imakulata alikuwa ameujaribu, na misimu miwili upepo ulikuwa umempiku. Akalala juu ya kipande cha turubai, akavaa spika za masikioni, akaielekeza maiki kwenye nyasi fupi na kungoja. Alisikia vyura. Alisikia furukombe akiita mbali, na mbu mmoja aliyekuwa karibu na maiki akisikika mkubwa kama ndege ya Mpanda. Halafu nyasi zikasogea, na korongo wawili wakatokea na taji zao za dhahabu, na katikati yao kitu kidogo cha rangi ya kahawia kilichokuwa kikijikwaa kwenye kila unyasi.

Jike aliinamisha shingo. Sauti ikaanza.

Ndipo simu ikatetemeka kifuani mwa Imakulata. Alikuwa amesahau kuizima. Akaivuta haraka, akaona jina, akatamani kumkaba koo. Alipokea kwa sababu asipopokea atapiga tena. Hilo alilijua kwa uzoefu.

"Mtani," Malale alisema. "Nyoka kanigonga. Njoo."

Basi, hayo tu. Hakuweka chumvi wala pilipili. Baadaye Imakulata alikuja kuyapima maneno yale kila upande, na kila upande yalikuwa mafupi mno kuwa ya Malale. Lakini wakati ule macho yake yalikuwa kwa kinda, na korongo alikuwa amenyanyua kichwa kwa kusikia mnong'ono.

"Mpe pole nyoka," alimwambia, akijizuia kucheka. "Mwambie nyama ya Msukuma ina sumu, awahi hospitali."

Kisha Malale akacheka. Alicheka kweli, kicheko kifupi cha puani, kwa sababu jibu lilikuwa zuri na mtani akipigwa vizuri hana budi kukubali. Halafu simu ikakatika.

Imakulata aliizima. Alichokuwa amekirekodi kilikuwa kimeharibika, sauti yake mwenyewe ikiwa juu ya ile ya korongo, kwa hiyo alikifuta palepale, kama wanavyofuta kila kilichoharibika, akaanza upya. Korongo alingoja mpaka alipoona salama, akashusha shingo tena. Na safari hii aliongea. Aliongea muda mrefu, mkoromo ule ukipanda na kushuka, na kinda likajibu kwa kasauti kembamba. Imakulata alilala pale machozi yakimtoka kwa furaha, mwanamke mzima, akisikiliza mama akimwambia mwanawe njoo, njoo, mimi niko hapa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Juu ya sikio la mzima hawakusema kitu.

Korongo walipoondoka alikunja turubai, akanywa chai ya kwenye chupa bila haraka, akawasha simu. Kulikuwa na taarifa kwamba Malale amepiga tena. Akatabasamu. Akashika njia ya upande wa mto, njia nzima akitunga namna ya kumringia: angemwambia kwamba korongo amemsalimia kwa Kifipa, na ameuliza yule mzee anayenuka maziwa yuko wapi. Alikuwa bado anaipanga hiyo alipoliona shuka.

Malale alikuwa ameegemea kichuguu. Alikuwa amechana upande wa shuka na kuufunga juu ya goti, na mguu chini yake ulikuwa umevimba na kung'aa. Macho yalikuwa nusu wazi, kope zimekuwa nzito kama za mtu anayepigana na usingizi kanisani. Imakulata alisimama. Kwa muda mfupi, na huo muda hatausahau, alisimama tu akingoja amalize mchezo.

"Safari hii kweli, mtani," Malale alisema. Ulimi ulikuwa haumtii.

Hapo ndipo alipokimbia. Alikimbia kuelekea penye mti huku akimpigia Optatus na kupiga kelele kwenye simu, akarudi, akamkalisha vizuri, akamshika mkono, akamwambia mambo yasiyo na maana. Optatus alifika na pikipiki ikiruka matutani. Walimweka Malale katikati, mshikaki wa watu watatu, Imakulata nyuma akiwa amemkumbatia kwa mikono miwili, kichwa cha mzee kikiwa kinamgonga kidevuni kila penye shimo. Alikuwa akihema kwa tabu. Baadaye alikuwa akihema kidogo. Walipofika hospitali, daktari aliwahi kumlaza na kumpima, na kabla hajamaliza Malale alikuwa amekwisha kukata roho.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliwaambia kwamba sumu ya namna hiyo haina subira. Wangemfikisha mapema kidogo, huenda. Hakumalizia sentensi, wala hakukuwa na haja.

"Tungejuaje?" Optatus alisema nje, ameketi chini, mikono kichwani. "Simu yake ilikuwa kwenye maji pale, nimeiokota imekufa. Masikini, hata kupiga hakuweza."

Imakulata alifungua mdomo. Optatus alikuwa analia, na watu walikuwa wameanza kukusanyika. Akaufunga.

Usiku wa msiba alilala kwa Dorotea na wanawake wengine, kwenye mikeka. Hakulala. Alikuwa ameamua kumwambia. Hilo lilikuwa wazi kwake kuliko kitu chochote: mwanamke yule alikuwa na haki ya kujua kwamba mumewe aliita mtu, na mtu alisikia, na mtu alifanya mzaha. Amtukane, amfukuze, amlaani, lolote lile, lakini ajue. Tatizo lilikuwa Dorotea mwenyewe. Tangu waulete mwili hakuwa amelia. Hakuwa amekula. Alikaa ameegemea ukuta akiangalia mlango, na ukimpa maji alikuwa akiyashika tu mpaka ukayachukua. Agape, binti yake mkubwa aliyekuja kutoka Mpanda, alikuwa ameanza kuogopa.

Karibu na alfajiri Imakulata alijisogeza karibu naye. "Mama Agape," alinong'ona. "Kuna jambo nataka nikwambie."

Dorotea aligeuka. Alimwangalia kwa muda kama anayemtafuta mtu kwa mbali. "Mtani," alisema. "Alikuwa anasema, akifa, nyie Wafipa mkikosa kuja kumfanyia fujo, yeye atarudi. Usimwangushe. Fanya kama alivyokuwa anataka."

Kisha akageukia mlango tena, na neno la Imakulata likabaki kooni.

Walimzika nyumbani kwake, karibu na zizi, na ng'ombe walikuwa wakilia kwa kuwa hakuna aliyewatoa. Watu walikuwa wengi, kutoka Usevya mpaka Majimoto. Katekista alisoma sala. Na ilipofika zamu ya jeneza kushushwa, watu wakaanza kuangaliana, wakatafuta kwa macho. "Mtani wake yuko wapi?" mtu aliuliza. "Mwacheni mtani afanye kazi yake."

Wakampisha. Alivua kanga ya mabegani, akashuka kaburini kwa kushikwa mikono, akasimama chini kwenye udongo mbichi. Kutoka kule aliona miguu ya watu na juu yake nyuso zao, zikiwa zimejiandaa. Alijua maneno. Alikuwa nayo tangu zamani. Alikuwa amemwahidi Malale usoni kwamba atalala humu na kudai fahali ndipo atoke. Akaangalia juu, akamwona Dorotea ameshikwa kwapani na Agape, uso wake umekauka kama gome. Akaona hapana. Akaona kama hataisema sasa, mbele ya mwili na mbele ya watu, hataisema kamwe.

"Alinipigia simu," Imakulata alisema.

Watu walisogea ukingoni.

"Asubuhi ile alinipigia. Akaniambia, mtani, nyoka kanigonga, njoo. Na mimi nikamwambia ampe pole nyoka. Nikamwambia nyoka awahi hospitali, maana nyama ya Msukuma ina sumu."

Kilianza kicheko kimoja nyuma, cha mwanamume, kikafuatwa na vingine, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Walikuwa wamekingoja hiki tangu jana. Mzee mmoja alipiga makofi.

"Sitanii," Imakulata alisema, na sauti yake ikapasuka. "Jamani, sitanii. Mimi ndiye nimemuua."

"Tulijua tu!" mtu alipaza sauti. "Wafipa hao!" Kicheko kikawa kikubwa zaidi, wanawake wakishikana mabega, na Optatus, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, alikuwa amejiinamia magotini akicheka bila sauti. Imakulata aligeuka huku na huku chini pale. Alirudia. Kila alivyorudia ndivyo walivyozidi. Machozi yalimtiririka, na wale waliokuwa karibu wakasema kwa kusifu kwamba huyu mama ni mtani kweli, angalieni hata machozi ameyaleta.

Kisha aliuona uso wa Dorotea. Mdomo ulikuwa umeanza kutetemeka pembeni. Mabega yakafuata. Dorotea alicheka, kwanza kwa pumzi, halafu kwa sauti, kichwa kikirudi nyuma, na katikati ya kicheko kile kilio kikapata mlango, kikatoka chote kwa pamoja. Alimlilia mumewe kwa jina lake. Agape alimkumbatia huku akisema lia mama, lia, na wanawake wakawa wanamshukuru Mungu kwa sauti.

Imakulata alisimama kaburini na neno lake. Lilikuwa bado lipo mdomoni, zima. Angeweza kutoa simu mfukoni na kuwaonyesha. Mtu wa juu aliinama akimpa kuku aliyefungwa miguu, ujira wa kumtoa, na kila mtu alikuwa akimngoja.

"Kuku mmoja?" alisema. Hakujua sauti hiyo imetoka wapi. "Kwa Msukuma mzima? Hata manyoya hayajai. Ongezeni."

Wakaongeza wa pili, wakamvuta juu. Jeneza likashushwa. Udongo ulipoanza kuanguka, Dorotea alimwita kwa mkono akae kando yake kwenye mkeka. Alikuwa amechoka na ameloa uso, lakini macho yalikuwa yamerudi kuwa ya mtu anayeona, na alikuwa ameshika kikombe cha uji ambacho kilikuwa nusu.

"Asante, mtani," alisema. "Hiyo ya simu ingemfurahisha sana." Akanywa kidogo, akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Mimi najua. Kama angeweza kukupigia, ungekuja mbio."

Mbele yao vijana walikuwa wakipokezana sepetu.

"Ningekuja mbio, mama Agape," alisema Imakulata.